Ubao Usio na Alama

Gitaa lina vyuma vinavyokatiza shingo yake, na kila chuma kinamwambia mpigaji: bonyeza hapa. Kinanda kina funguo nyeupe na nyeusi, na ufunguo sahihi ukibonyezwa, sauti hutoka sahihi hata kama aliyebonyeza ni mtoto wa miaka mitatu. Fidla haina kitu. Ubao wake wa vidole ni mweusi, laini, mtupu kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Nilipoishika mara ya kwanza nilimuuliza maalim wangu alama ziko wapi. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akakiweka kidole cha shahada mahali pake, akakigandamiza mpaka uzi ukaacha mfuo kwenye ncha. "Hapo," akasema. Kisha akakiondoa, akaniambia nikirudishe mwenyewe. Nikakosa. Akakirudisha yeye. Nikakosa tena. Tangu tuliposali alasiri mpaka adhana ya magharibi hatukufanya jambo jingine.

Imepita miaka mingi tangu jioni ile. Nimekaa kwenye safu ya fidla za taarab asilia kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na siku hizi, saa za alasiri, nawafundisha vijana wanaokuja na swali lilelile. Waimbaji wa Unguja wameandikwa sana, na wanastahili. Watunzi wa mashairi pia. Mpiga fidla wa safuni hana aliyemwandika, na sababu naijua: kazi yake akiifanya vizuri, haonekani. Naandika kumsifu yeye, na kumsifu zaidi yule aliyemfundisha.

Tuanze na vipimo, maana asiyepiga hajui jambo hili lilivyo jembamba. Sehemu ya uzi inayolia kwenye fidla ya mtu mzima, kutoka kizingiti cha juu mpaka kwenye daraja, ni sentimita 32 na nusu hivi. Karibu na kizingiti, robo ya sauti, ile inayozipa Rasti na Bayati, makamu (ngazi za sauti) za Kiarabu, ladha yake, ina upana wa kama milimita 9. Panda mpaka katikati ya uzi, robo ileile imebaki milimita 4 na nusu. Kidole cha mtu mzima ni kipana kuliko hapo. Kwa hiyo mpigaji hatafuti tu mahali pa kidole ubaoni; anatafuta mahali ndani ya kidole chenyewe, nyama ipi ya ncha iguse uzi. Kifundo kikipinda kidogo tu, sauti imeshahama. Na hayo yote anayafanya bila kutazama mkono wake, kwa kuwa macho yake yako kwa mwimbaji.

Vidole havina macho. Kinachoviongoza ni sikio, na hakuna sikio lililozaliwa likijua. Kila sikio linalojua, yupo aliyelifundisha.

Fidla iliingia kwetu kwa mlango wa Misri. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Kairo, akamtuma Mohamed bin Ibrahim huko kwenda kujifunza kupiga ala ya kanuni. Wakati huo hata Wamisri wenyewe walikuwa ndiyo kwanza wanaizoea fidla ya Ulaya. Ilichukua nafasi ya kamanja yao ya zamani iliyokuwa ikipigwa kwa kusimamishwa, na wao wakaihamishia jina lilelile. Wakamtoa Sami al-Shawa, aliyezaliwa 1885, ambaye Waarabu walimpa lakabu ya Amiri wa Fidla. Kwao fidla ilikubalika haraka kwa sababu ya ule utupu wa ubao wake: chombo kisicho na alama kinaweza kuimba makamu yoyote ambayo koo la binadamu linaweza kuimba. Wengi wao waliacha hata namna ya Kizungu ya kulinganisha nyuzi, ya G, D, A na E, wakazishusha mbili za juu ziwe G na D tena, ili uzi mtupu uunge mkono makamu zao.

Kwetu Unguja, kikundi cha Nadi Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na wenyeji mpaka leo hukiita Malindi kwa jina la mtaa wake. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na Waswahili wakaanza kuisikia taarab ya lugha yao ikitoka kwenye sanduku. Culture Musical Club, tuliyozoea kuiita Kalcha tu, ikafuata mwaka 1958. Katika miaka hiyo ya katikati ya karne, redio ya Kairo na filamu za Kimisri ziliwafanya wapenzi wa muziki hapa watake okestra kamili kama ile iliyokaa nyuma ya mwimbaji Umm Kulthum, na Ahmed El Hefnawi akiwa mbele ya fidla zake. Fidla moja ya zamani ikawa safu nzima. Ikaja chelo, ikaja dabo besi, ikaja akodioni, kanuni na udi zikabaki katikati. Na hapo ndipo ilipozaliwa kazi ninayotaka kuisema, kazi ya mtu ambaye ni mmoja kati ya wengi.

Ukipiga peke yako unajisikiliza. Ukipiga safuni unapaswa kuwasikiliza wengine wote na kujisikia kidogo tu, kama mtu anayeitikia dua. Akodioni hailinganishwi jukwaani. Jinsi ilivyotoka kwa fundi ndivyo ilivyo usiku huo, basi nyinyi wenye nyuzi ndio mnaoifuata. Mwimbaji akichelewesha neno ili lizame, nanyi mnachelewa. Akiuvuta mwisho wa ubeti, mnamngoja huku mpigaji wa dumbaki akishikilia mwendo. Kisha ubeti unakatika, fidla zinaingia kwa pamoja kumjibu, na jibu hilo lazima litoke kama limetoka kifua kimoja.

Hapa tunatofautiana kidogo na okestra za Ulaya. Kule pinde zote za safu moja hupanda na kushuka pamoja kama makasia ya ngalawa, na kila mpigaji anapiga nota ileile bila kuzidisha. Kwetu wimbo ni mmoja, lakini kila mpigaji ana ruhusa ndogo ya kuupamba: huyu anatetemesha kidogo, yule anaburura kidole kuingia kwenye sauti inayofuata. Wageni husikia kitu kama kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zisizolingana kabisa. Uzuri wake umo humo, na hatari pia imo humo, kwa sababu ruhusa ndogo kijana huigeuza kubwa.

Mimi niliigeuza kubwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ilikuwa arusi ya watu wenye nafasi, ukumbi umejaa, udi unafuka, akina mama wanainuka mmoja mmoja kwenda kumtuza mwimbaji. Katika wimbo wa tatu nikaona nafasi. Mwimbaji alikuwa bado hajalimaliza neno la mwisho, mimi nikapenya na mapambo niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima, nikapanda juu, nikashuka. Watu wawili watatu wa mbele walinitazama, nami nikadhani ni kwa kunipenda. Maalim hakunigeukia.

Siku ya pili nikenda kwake, nikamwamkia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Jana umepiga vizuri," akasema. "Mwimbaji alisema nini katika ule ubeti?"

Sikujua. Nilikuwa nimeupiga wimbo ule mara mia, na usiku ule sikusikia hata neno.

Kwa wiki sita zilizofuata aliniweka kitini bila fidla. Nilikaa kwenye mazoezi nimewapa mgongo wapigaji, na kila wimbo ulipoisha aliniuliza swali moja: nani alikuwa chini? Mwanzoni nilibahatisha. Wiki ya tatu nikaanza kuwatambua, huyu upinde wake mzito, yule kidole chake cha nne kinafika pungufu. Wiki ya tano nikasema, kwa woga, kwamba aliyekuwa chini ni Maalim mwenyewe, kwenye uzi wa juu, unyevu umeulegeza. Akaujaribu uzi, akaukaza, akanirudishia fidla yangu. Sijapata cheti chochote maishani nilichokithamini kama kitendo kile.

Kuna jambo la mbao na nyuzi ambalo nalipenda kuliko mengine yote, na wanafunzi wangu wote nawafikisha hapo. Weka kidole cha tatu kwenye uzi wa A. Kikikaa mahali pake hasa, unapata D, na uzi mtupu wa D ulio pembeni, ambao hakuna aliyeugusa, unaanza kutetemeka wenyewe. Unauona kwa macho. Sauti inanenepa, fidla nzima inaitikia kifuani na kwenye taya. Kidole kikiwa nje kwa kiasi kidogo tu, hakuna mwitiko. Sauti inatoka kavu. Nina mwanafunzi, msichana wa skuli ya msingi, ambaye siku alipoipata mara ya kwanza aliacha kupiga, akaishusha fidla, akaitazama kama mtu aliyeitwa jina lake chumbani na hamna mtu. Akaipandisha tena chini ya kidevu, akaurekebisha mtandio usiteleze kwenye mbao, akaitafuta tena sauti ile. Tangu hapo sikuwa na haja ya kumwambia hapo ndipo au hapo sipo. Fidla yenyewe ilishakuwa maalim wake.

Lakini fidla inafundisha sauti zile tu ambazo uzi mtupu unaweza kuziitikia. Ukifika kwenye robo, kwenye ile sauti ya tatu ya Rasti iliyo kati ya mbili ambazo kinanda kinazijua, hakuna uzi unaokujibu. Mbao zinanyamaza. Wala sauti hiyo si ileile kila mahali. Wapigaji wa Misri, wa Syria na wa Uturuki hawaiweki kwenye milimita moja, na hata katika mji mmoja huipandisha kidogo wimbo unapopanda. Hapo mwanafunzi hana pa kutegemea isipokuwa mtu. Anakuja mzee, anapiga, unamsikia, unajaribu, anatikisa kichwa, unajaribu tena. Alama ambayo haimo ubaoni imo ndani ya mzee yule, na aliipata kwa mzee mwingine. Akiondoka bila kuiacha kwa mtu, imeondoka naye.

Ndiyo sababu kinanda cha umeme kinaniuma kuliko kinavyowauma wenzangu. Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa imekikumbatia, na kwa kitufe kimoja kinatoa sauti ya fidla 20. Wenye vikundi wana hesabu zao nami nazielewa: mtu mmoja badala ya kumi, gari moja badala ya mawili, na hakuna uzi wa kukatika katikati ya wimbo. Watu wanacheza na kufurahi, na furaha ya watu si kitu cha kubezwa. Ni kweli pia kwamba nyimbo zetu nyingi za Kiswahili hazina robo kabisa. Zaidi utazikuta kwenye bashrafu, zile tungo za ala tupu tulizozipata kwa Waturuki na Wamisri ambazo hufungua usiku kabla mwimbaji hajasimama. Lakini hata wimbo usio na robo una njia kati ya sauti na sauti, na fidla inaipita njia hiyo kwa kuiburura, kama koo linavyofanya. Kinanda kinairuka. Kijana aliyekulia kwenye kinanda peke yake hajui kwamba kuna njia.

Kufundisha kwenyewe kuna ratiba ambayo sikuibuni mimi. Kwanza mtoto aimbe. Asichoweza kukiimba asikipige, kwa sababu vidole vitatafuta nini? Kisha upinde, siku nyingi za upinde kwenye uzi mtupu, kutoka kisigino mpaka ncha, polepole, bila mkwaruzo. Upinde una uzito wa kama gramu 60 tu, na kosa la kila anayeanza ni kuubana kana kwamba ataporwa. Namwambia aushike kama kifaranga: asianguke, asife. Singa za farasi zipakwe ulimbo mkavu wa msonobari kabla ya kupiga, na upinde ulegezwe baada ya kupiga, kila siku, hata kama mama anaita chakula kinapoa.

Nota pia nafundisha. Najua wazee waliopiga maisha yao yote bila kuzisoma, wakabeba mamia ya nyimbo kichwani, na wapo wanaosema nota huua sikio. Sikubaliani nao. Nota humwezesha mtoto wa Unguja kukaa kesho na mgeni asiyejua Kiswahili wakapiga pamoja kabla chai haijapoa. Ila nakuwa mkali kwa jambo moja: karatasi ikishasomeka, inafunikwa. Wimbo wa taarab unakamilika siku unapopigwa huku ukimtazama mwimbaji.

Hatua ya mwisho haimo darasani. Ni kumkalisha kijana safuni kati ya wazee wawili. Hapo hajibu maswali wala hapewi maksi. Anasikia kushoto, anasikia kulia, na bila kujua upinde wake unaanza kuvuta pumzi pamoja na wao. Nimeona vijana ambao miaka miwili ya darasa haikuwafikisha, wakafika kwa usiku minne ya namna hiyo.

Vizuizi vipo. Masika yanapoingia, mbao zilizokatwa nchi za baridi hunywa unyevu wetu, gundi ya wanyama inayoshika tumbo na mgongo huachia, vigingi hukataa kugeuka, nyuzi hushika kutu. Mafundi wanaojua kuifungua fidla na kuifunga tena ni wachache mno, hivyo tunajifunza kwa kuharibu. Watoto nao hukua. Mtoto huanza na fidla ya robo, akahamia ya nusu, akahamia ya robo tatu, kisha kamili, na kila mara nafasi za vidole zote zinabadilika, anaanza kutafuta upya. Kwa mkoba wa mzazi hiyo ni fidla nne kabla mtoto hajafikia utu uzima. Nazo tuzo hazimfikii mpiga fidla. Ukumbini noti zinakwenda kwa mwimbaji, na hivyo ndivyo desturi ilivyo. Wengi wetu tumeishi kwa kazi nyingine, ukarani, ualimu, useremala, na usiku tukafungua makasha yetu.

Kilichobadilika, na kimebadilika kwa kheri, ni nani anayekuja kujifunza. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilipofungua milango mwaka 2002 kwenye jumba la zamani la Forodha, Mji Mkongwe, kwa mara ya kwanza fidla, udi na kanuni vikawa na darasa la wazi, lenye saa na mlango, kwa yeyote atakaye. Wapigaji kama Mohamed Issa Matona, aliyelelewa na taarab na anayeimudu fidla kama anavyoumudu udi, walikaa hapo wakafundisha. Kabla ya hapo mtoto alihitaji kuwa na mjomba kwenye kikundi. Na wasichana, ambao desturi iliwataka waimbe na ala wawaachie wanaume, wakaingia. Rahma Ameir amesimama na fidla yake katika Siti and the Band, na Tausi, kikundi cha wanawake kilichoasisiwa na Mariam Hamdani, kimekalisha wanawake nyuma ya ala walizokuwa wakizisikia tu. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba fedha zinakaribia kuisha na huenda kikafunga. Siku zile nilitembea na tumbo lililojaa mawe.

Hatuko peke yetu katika bara hili. Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi na mjukuu wa mhubiri Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya simfoni mwaka 1994 na watu waliokuwa wakipokezana fidla chache. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua, hapo hapo, kisha akampisha. Nairobi, Korogocho, karibu na jaa la Dandora, watoto wa mradi wa Ghetto Classics wamekuwa wakijifunza ala za okestra tangu 2008. Wao wanapiga Beethoven na sisi tunapiga bashrafu, lakini nikiwatazama nakiona kitendo kilekile: mkubwa anashika kidole cha mdogo, anakiweka, anakiondoa, anasema kirudishe.

Maalim wangu ameshafariki. Fidla yake iko kwangu, na mwanafunzi aliyefikia fidla kamili ndiye anayeipiga. Pale kidole chake cha kwanza kinapokaa, rangi ya ubao imefifia kwa miaka ya kidole cha mwenyewe, na doa lile ndiyo alama pekee utakayoiona juu yake. Mwanafunzi ameniuliza kama afuate doa. Nimemwambia afumbe macho.

Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna fidla juu ya kabati au chini ya kitanda, imelala tangu aliyeipiga alipoacha, ilete, hata kama haina uzi hata mmoja. Iko mikono inayoingoja. Na kama aliyeipiga yu hai, mlete yeye kwanza. Mikono yake ikitetemeka si kitu. Tunamtaka akae kitini, awape mgongo vijana wetu, wapige, kisha atuambie nani alikuwa chini.